Gari Lililolia Tukiwamo

Mama mkwe alitangaza mezani, huku akimenya chungwa, kwamba hapandi tena gari linalolia. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anavyosema chumvi imezidi, kisha akaendelea kumenya. Mume wangu aliweka kijiko chini, mimi nikaacha kutafuna.

Sote tulijua maana yake. Jumamosi tulikuwa tumepanga kumpeleka ng'ambo ya mlima kwa dada yake, ndugu pekee aliyebaki wa tumbo moja naye. Dada huyo alikuwa ametuma ujumbe mfupi kuliko kawaida yake: mwambieni aje anione. Mtu wa umri ule akisema hivyo, huulizi kwa nini, unafunga safari.

Basi halikumfaa, maana goti lake la kulia halikunjiki. Gari dogo vivyo hivyo. Tulijaribu teksi mara moja, tukabaki naye nusu ndani nusu nje, mguu umenyooka barabarani kama kizuizi cha polisi, na dereva akituomba tuamue. Gari letu la viti saba, lenye mlango wa kusukuma ubavuni, ndilo pekee analoliingia na heshima yake ikiwa kamili: anageuza mgongo, anakaa, mguu unafuata kwa wakati wake. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Gari likiendelea kulia, hapandi. Asipopanda, hamwoni dada yake.

Gari lenyewe ni zee, na mimi silionei aibu. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali, nina diploma na nimezeeka nikitazama damu za watu. Magari sikuyasomea, ila kutafuta ugonjwa ndiyo kazi yangu, na ugonjwa hutafutwa kwa njia moja tu: unaanza na kile kisichohitaji kufunguliwa. Gari lisipowaka asubuhi, watu hukimbilia kununua betri. Mimi hutazama kwanza vichwa vya betri, nikikuta ule ukungu wa kijani namwagia maji ya moto yenye magadi, nasugua kwa mswaki mkuukuu, na gari linawaka. Mlango wa ubavuni uliwahi kugoma mpaka watoto wakawa wanaingilia dirishani. Fundi mmoja akataka tununue mlango mwingine. Nilipitisha kijiti kwenye reli yake nikatoa penseli, makombo ya biskuti yaliyogeuka saruji, na jino la mmoja wa pacha wetu. Mlango ukateleza kama siagi. Hata rejeta ilipochemka sikubabaika. Niliiacha ipoe, maana kifuniko cha rejeta yenye moto hufunguliwa na mtu aliyeuchoka uso wake.

Lakini kilio hiki kilinishinda. Kilitoka nyuma, chini, kulia au kushoto kutegemea umemuuliza nani. Tukivuka tuta kilianza kwa kubisha, ngo, kama mgeni mwenye adabu, halafu kikafuata chuma kwa chuma, sauti nyembamba iliyokwenda moja kwa moja kwenye meno. Mama mkwe ndiye aliyekiita kilio. Binti yetu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Wakili kwa sababu hakuna hukumu asiyoikatia rufaa, alisema si kilio, ni lalamiko.

Mume wangu alikuwa ameshalipeleka kwa fundi zaidi ya mara moja. Fundi wetu anaitwa Profesa, na jina hilo hakupewa kwa ubingwa. Alipewa kwa sababu ukimpelekea tairi lenye msumari atakueleza kwanza historia ya msumari. Gereji yake iko mwisho wa mtaa wetu. Alilizungusha gari, akalipandisha kwenye kila tuta la jirani, akalirudisha kimya kama paka aliyeshiba. Alibadilisha shokapu kwa kubahatisha. Baadaye akabadilisha bushi. Gari likitoka kwake lilikuwa zima, na siku inayofuata, tukiwa njiani kwenda shuleni na kazini, linalia. Mara ya mwisho alimwambia mume wangu kwamba gari halina ugonjwa, wagonjwa ni wenyewe.

Na mume wangu alikuwa amechoka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitaka kulinunua gari kwa ajili ya kubebea mizigo, na mume wangu alianza kuzungumzia gari dogo, la miaka ya karibuni, lisilo na siri. Nilimuuliza mama yake ataingiaje humo. Akasema tutaona. Kwetu, tutaona ni jina la adabu la hapana.

Alhamisi alasiri alianza kuliandaa gari kwa safari nyingine ya gereji. Nilikuwa nimetoka zamu, nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma na kikombe cha chai, viatu pembeni. Mume wangu hushona suti, na uzi mmoja uliobaki kwenye kola humnyima usingizi. Gari haliwezi kwenda kwa fundi likiwa chafu. Ndivyo alivyolelewa na ndivyo anavyofanya. Alitoa majora yake ya vitambaa anayowapelekea wateja. Akatoa dumu la maji, mabegi ya shule, boksi la vipuri, kigoda cha mama yake, mwamvuli usiofunguka. Akapiga ufagio, akafuta viti, akaosha mpaka matairi. Gari lilibaki jepesi na tupu, liking'aa kama la harusi.

Mimi nilikuwa nikimfikiria mwanafunzi mmoja wa uuguzi. Asubuhi hiyo alikuwa ameniletea sampuli ya kidonda kutoka wodini. Niliitazama, sikuona kitu, na mguu wa mgonjwa ulikuwa unaoza. Nilimuuliza alichukuaje. Akanijibu kwa fahari kwamba alikisafisha kidonda kwanza, vizuri kabisa, ndipo akachukua. Nikamwambia, mwanangu, umeniletea ushahidi wa sabuni.

Kikombe kilisimama katikati ya safari ya kuja mdomoni.

"Baba Wakili," nilisema, "acha."

Aliinua kitambaa. "Bado kioo cha nyuma."

"Acha kioo. Rudisha kila kitu."

"Kila kitu kipi?"

"Majora. Dumu. Kigoda. Na watoto. Na mama."

Alishusha kitambaa, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko. Nikamweleza. Gari lilikuwa likilia tukiwamo sote na mizigo yetu. Yeye humpelekea fundi gari tupu, lililooga, na fundi huliendesha akiwa peke yake. Hatujawahi hata siku moja kumpelekea mgonjwa. Tumekuwa tukimpelekea mgonjwa aliyekwisha kuvuliwa ugonjwa, ukaachwa mlangoni.

Mume wangu alikunja kitambaa katika pembe nne, kama anavyokunja kila kitu, akaanza kurudisha majora.

Kazi ilikuwa mama mkwe. Alikuwa amesema hapandi, na yeye akisema kitu huwa kimesemwa. Nilimwambia ukweli, kwamba gari halitakwenda popote, litasimama tu gerejini na yeye atakaa ndani kama alivyokaa sebuleni. Akauliza kama fundi amekwisha kushindwa kiasi cha kuhitaji bibi kizee. Nikasema ndiyo. Hilo lilimfurahisha. Alijifunga kitambaa kipya kichwani, akatembea mwenyewe mpaka mwisho wa mtaa, fimbo mkononi, Wakili nyuma yake amebeba kiti ili apumzike kila anapotaka. Alipumzika mbele ya kila nyumba yenye mtu wa kumsalimia.

Profesa alituona tukiingia na msafara akaweka spana chini. Aliuliza kama tumehama. Nilimweleza ninachotaka: gari liwe juu ya shimo, magurudumu yakiwa ardhini na yamewekewa mawe, sisi tuingie mmoja mmoja, na yeye awe chini na taa. Aliponiona navaa koti langu kuukuu la maabara, akasema shimo si mahali pa mama. Nikamwambia nimewahi kuingiza mkono mahali pabaya zaidi. Akanisogezea ngazi.

Shimo la gereji ni mtaro uliojengewa saruji, kina chake mtu anasimama wima. Lilinuka mafuta ya zamani na udongo baridi. Niliinua kichwa, na juu yangu lilikuwa tumbo la gari letu.

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeona mambo chini ya lenzi ambayo wengine huyasikia tu. Lakini lile gari nilikuwa nimelipanda miaka yote hiyo kama mtu anavyokaa kwenye kiti, bila kujiuliza limeshikwa na nini. Sasa nililiona upande wake wa siri: bomba la moshi lenye kutu likipita kama utumbo, ekseli pana ikivuka kutoka gurudumu hadi gurudumu, springi mbili nene zilizojikunja kila upande, na vibomba vyembamba vikiambaa huku na huku kama mishipa chini ya ngozi. Tope la barabara zetu zote lilikuwa limegandia pale, jekundu juu ya jeusi. Niliona hata unyoya wa kuku.

"Haya," nikaita. "Baba Wakili kwanza."

Mbele ya gari ikashuka kidogo. Wakafuata pacha. Sikuwaona, niliona springi zikirukaruka na nikasikia miguu ikikimbia juu ya kichwa changu, na kwa jinsi ilivyokimbia nilijua ni nani aliyetangulia na ni nani aliyemsukuma. Kisha Wakili, taratibu, upande wa dirisha, kwa sababu yeye hukaa upande wa dirisha hata kukiwa na giza. Nilikuwa nawasoma watu wangu kupitia chuma. Kila mmoja aliingia, na kila mmoja gari likampokea kwa namna yake. Nilishika ukingo wa saruji. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu hiki kinaonekana.

Profesa akapaza sauti kwamba sasa uje mzigo mzito.

"Mzigo ni mama yako," alijibu mama mkwe kutoka juu, bila haraka.

Ngazi ya mlango ikalia. Gari zima likainamia upande wake, likasita wakati anageuza mgongo, likasubiri mguu. Alipoketi, likatulia, na nikaona springi zote mbili zikibonyea kwa pamoja na mwili wa gari ukishuka kuelekea ekseli, polepole, mpaka mahali ambapo sikudhani unaweza kufika. Uzito wote wa nyumba yangu ulikuwa pale, umeshikwa na vyuma viwili vilivyojikunja, juu kidogo ya paji la uso wangu.

"Mmeona nini huko?" mama mkwe aliuliza. "Msinichungulie."

Profesa aliwaomba wajitikise kushoto na kulia. Pacha hawakungoja kuombwa mara ya pili. Gari likayumba, na mlio ukatoka pale pale, karibu na sikio langu: ngo, kisha kile kilio chembamba. Pacha wakashangilia. Taa ya Profesa ikahamia upande wa kulia, ikasimama.

Raba inayoning'iniza bomba la moshi ilikuwa imekatika. Bomba likashuka, likalala karibu na ekseli. Kati ya vitu hivyo viwili kilipita kibomba cha breki, chembamba kama kalamu ya risasi. Gari likiwa tupu, nafasi ilikuwepo, mkono wa mtu ungepita. Tukiwa sote ndani, nafasi iliisha, bomba la moshi likashuka na kukisaga kibomba kwenye ekseli. Sehemu ile haikuwa na tope wala kutu. Iling'aa kama pete. Kila tulipokwenda shuleni, sokoni, hospitalini, tulikuwa tumekipiga msasa kwa uzito wetu wenyewe.

Nilimngoja Profesa aanze mhadhara. Badala yake alisogeza taa, akairudisha, akapitisha ukucha juu ya ule mng'aro kwa wepesi wa mtu anayemgusa mtoto mchanga. Kisha akamwambia mume wangu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, akanyage breki taratibu.

Kibomba kilitoa jasho. Tone moja, jembamba, la rangi ya asali, lilijitokeza pale palipong'aa, likakua, likaning'inia likiwa na taa yote ya Profesa ndani yake.

"Usikanyage tena," Profesa alisema. Halafu akanigeukia. "Mama, Jumamosi mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya mlima."

"Ule mteremko wenye kona?"

"Ule ule."

Akazima taa. Tulisimama gizani mle shimoni, na juu yetu tukawasikia wakizozana nani amekalia mkanda wa nani. Katika kazi yangu nimewahi kutazama kipande cha kioo na kujua, kabla ya daktari na kabla ya mwenyewe, kwamba mtu huyu amepona au hataiona sikukuu ijayo. Huwa naandika jibu na kuchukua kipande kingine. Siku ile kipande kilikuwa sisi. Niliwaita washuke.

Walishuka mmoja mmoja. Mume wangu alipoelezwa alikaa juu ya tairi kuukuu, na suruali yake ile safi. Aliniomba kando nisimwambie mama yake. Nikamwambia mama ndiye aliyesikia, na aliyesikia ana haki ya kujua alisikia nini. Profesa alikuwa ameshakifungua kile kibomba, akanipa, nikampelekea mama mkwe kwenye kiti chake.

Nilitarajia aniambie si nilisema. Ana haki hiyo na huwa haiachi ilale. Alikishika kibomba kwenye mwanga, akakizungusha, akakipima kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Kijiti hiki," alisema, "ndicho kilichokuwa kinatusimamisha sote?"

"Ndicho, mama. Ndani yake kuna mafuta. Mguu ukisukuma pedali, mafuta yanasukuma breki kule kwenye magurudumu."

"Mguu wa mwanangu, mpaka kule."

"Mpaka kule."

Aliendelea kukizungusha. Niliona midomo yake ikitembea, na sijui alikuwa akizungumza na nani. Mwishowe alinirudishia, akasema tumwambie fundi afunge kingine, kinene.

Profesa hakufunga kinene, kwa sababu havipo, ila alifunga kipya. Alikikunja kwa mikono kwa kufuata kile cha zamani, kona kwa kona, akakibana mbali na ekseli, akaning'iniza bomba la moshi kwa raba mpya mbili mahali pa moja. Ijumaa mume wangu alikaa kwenye usukani akipampu pedali huku Profesa akitoa hewa kwenye breki, mmoja akisema kanyaga, mwingine akisema nimekanyaga, kama watu wanaosali kwa kupokezana. Kisha tukapanda sote, na majora, na dumu. Mama mkwe alipanda pia. Profesa alishika usukani, akaturusha juu ya kila tuta la mtaa huo na wa pili. Hakuna kilicholia. Profesa alipata tena maneno yake na kutueleza habari za raba tangu ilipokuwa utomvu, na tulimwacha aseme yote.

Jumamosi tuliupanda mlima asubuhi. Kileleni barabara inapinda na kuanza kushuka, na hapo mume wangu alisimamisha gari pembeni. Alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Chini yetu mteremko ulijinyonga kona baada ya kona mpaka bondeni, ambako malori yalionekana kama punje. Pacha nao walijua breki zingeweza kukatikia hapa, kwa sababu Wakili alikuwa amewaeleza. Mmoja wa pacha alinishika mkono kutoka nyuma ya kiti.

Mume wangu akaweka gia ndogo, tukashuka. Kila kona aliposogeza mguu, gari lilitii. Nilihisi ule utii ukipita sakafuni, kwenye nyayo zangu, nikafuata kwa mawazo safari ya yale mafuta ndani ya kile kijiti, kutoka mguu wa mtu mmoja mwembamba mpaka magurudumu yaliyobeba watu sita. Nimesoma, najua msukumo wa kimiminika ni nini, naweza kukuandikia. Bado nilikuwa nimeshika mlango na kustaajabu.

"Mbona mmenyamaza kama mna kesi?" mama mkwe aliuliza tulipofika bondeni.

Dada yake hakuwa kitandani kama nilivyohofia. Alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti cha mikono, amekonda, shuka miguuni, macho yakiwa na ukungu wa uzee. Alisikia fimbo ikigonga sakafu kabla ya kutuona.

Mama mkwe ninayemjua mimi huingia chumbani na watu wakasogea. Kwetu yeye ndiye anayeamua nani akae wapi na chungwa la nani lina mbegu nyingi. Aliingia mle akasimama mbele ya kile kiti, akawa hajui afanye nini na mikono yake.

"Umechelewa," dada yake alisema.

"Gari lilikuwa na ugonjwa, dada."

"Njoo hapa. Goti lipi?"

Mama mkwe alivuta kigoda, akaketi, mguu ukanyooka mbele yake. Dada yake aliinama, akaupapasa mpaka akaupata, akauinua kwa mikono yote miwili na kuuweka kwenye mapaja yake, juu ya shuka. Akaanza kulikanda lile goti ambalo nyumbani kwetu hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

"Kaa vizuri, mtoto," alisema.

Nilikuwa mlangoni na begi mkononi, mume wangu nyuma yangu, watoto wakinisukuma wapite. Niliwazuia kwa mkono. Mama mkwe alijisogeza kwenye kigoda, akanyoosha mgongo, akakaa vizuri.